Jicho la Mfano

Vyuo vya kupima macho vilikuwa vikiota mjini kama uyoga, na watu walivipokea kwa makofi. Kimoja kilikaa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kingine kilikodi ukumbi wa harusi, na mapambo ya dari hayakuondolewa. Mzazi mwenye kijana aliyemaliza shule na kukaa tu nyumbani alimwambia, nenda kasomee macho, wenye kuumwa macho hawaishi. Maneno matamu hayo. Lakini hakuna aliyeuliza swali dogo la kijinga: hao wanafunzi wote watajifunzia macho ya nani?

Aliyeuliza alikuwa mmoja tu, nao wakamwita mpinga maendeleo. Alikuwa mwalimu wa chuo cha zamani, mwanamke mkavu wa maneno, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mama Tochi kwa ajili ya kurunzi ndogo ya kuchungulia ndani ya jicho iliyoning'inia shingoni mwake hata akienda msibani. Alirudia mpaka watu wakamchoka kwamba mpimaji hafundishwi na kiti kipya. Anafundishwa na macho mengi, mabovu na mazima, ya wazee na ya watoto, mpaka siku ubovu ukimpitia mbele aushtukie hata kabla hajakumbuka jina lake. Wakubwa wa baraza linalosimamia vyuo walimsikiliza huku wakitazama saa. Mwishowe, ili anyamaze, wakampa kazi ya kuvikagua vyuo vipya.

Nyumbani aliishi na mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, fundi cherehani aliyestaafu. Mjomba alimwita "mama", kwa kuwa alikuwa amerithi jina la bibi, mama mzazi wa mzee, ingawa heshima ya jina hilo haikumzuia kumtania asubuhi na jioni. Zamani, mpwa huyu alipokuwa mwanafunzi, mjomba ndiye aliyejitolea kuchunguliwa macho. Akirudi kazini alikaa chini ya taa, akafunika jicho moja kwa kiganja, akasoma chati ya herufi iliyobandikwa mlangoni. Aliisoma mpaka akaimeza yote, akawa anaiimba akishona. E. F, P. T, O, Z. Na binti yule alipomaliza kuchungulia alimpigapiga begani na kumwambia, "Mjomba, wewe una macho ya mfano."

Neno hilo mzee hakulisahau. Mkewe alipofariki, akaifunga cherehani kwa madai kwamba miguu imechoka kukanyaga, na baada ya muda akajipatia kazi nyingine. Alisikia kuna chuo kipya kinatafuta mtu wa kukaa kitini wanafunzi wajifunzie. Akaenda, akajieleza kwamba ana macho ya mfano, mpwa wake mtaalamu ndiye aliyesema. Wakamkubali kwa nauli na chakula cha mchana. Kuanzia hapo kila asubuhi alitoka na shati lililopigwa pasi, anaaga mlangoni: "Nakwenda chuoni, mama. Wanafunzi hawawezi kuanza bila profesa." Nyumba nzima ilicheka, na Mama Tochi alicheka nao.

Yalikuwapo mengine, nayo yalichekwa vilevile. Mjomba alianza kupita watu bila kuwasalimu. Mkwe mmoja alikaa naye benchi moja, akampa mkono, mzee akauacha mkono hewani. Wakasema profesa siku hizi anajisikia. Akawa anaangusha vikombe, wakasema uzee huo. Akawa anapapasa ukuta wa ukumbini akienda kulala, wakasema ni ubahili, hataki kuwasha taa umeme usiishe. Watu wa nyumba moja wana majibu ya haraka sana kwa kila jambo, na nyumba hii haikuwa tofauti.

Siku ya ukaguzi, Mama Tochi alipelekwa kwenye chuo kipya kuliko vyote. Mkurugenzi wake alikuwa mtu mnene, mchangamfu, ambaye kabla ya macho aliuza magodoro, na bado alikuwa na tabia ya kubonyeza kila kitu anachokisifia. Alibonyeza viti, ambavyo bado vilikuwa na nailoni ya kiwandani. Alibonyeza meza. Mama Tochi akamwacha amalize.

"Wagonjwa mnawapata wapi?"

"Tunaye," akasema mkurugenzi.

"Mnaye?"

"Ana uzoefu sana. Vyuo vyote vinamgombania, sisi tunampata siku mbili tu kwa wiki. Karibu umwone."

Ukutani, kwenye korido ya kwenda chumba cha kupimia, palikuwa na michoro ya rangi iliyofanywa na wanafunzi. Kila mmoja alikuwa amechora anachokiona akichungulia ndani kabisa ya jicho, pale mshipa wa kuonea unapoingia. Juu ya michoro yote waliandika kwa herufi kubwa: JICHO ZIMA. Mama Tochi alipita haraka, maana mkurugenzi alikuwa keshafungua mlango. Alikwenda hatua chache, akahisi kana kwamba kuna kitu kinamvuta nguo kwa nyuma. Hakupata nafasi ya kugeuka.

Chumba hakikuwa na dirisha. Mwanga pekee ulitoka kwenye sanduku la taa lenye chati ya herufi, mbele ya kiti. Wanafunzi walijipanga ukutani na makoti yao meupe. Kitini alikaa Mjomba, shati limenyooka, mikono juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha. Mama Tochi alitaka kucheka. Akajiketia taratibu kwenye stuli ya pembeni, karibu kiasi cha kuweza kumgusa sikio, akingoja mzee amwone na kutoa neno lake la utani.

Mzee hakugeuka. Alitazama mbele, na upande ule wa uso wake ulikuwa mtulivu, kana kwamba pembeni yake hapakuwa na mtu.

"Baba, funika jicho la kushoto," akasema mwanafunzi mmoja, dada mtu mzima mwenye sauti ya upole. "Tusomee."

"E," akasema Mjomba. "F, P."

Umeme ukakatika. Sanduku likazimika, feni ikajizungushia mara za mwisho ikanyamaza. Lilikuwa giza la kutoona hata mkono wako mwenyewe. Mama Tochi alingoja mjomba anyamaze, au awalalamikie watu wa umeme kama alivyozoea nyumbani.

"T, O, Z," sauti ya Mjomba ikaendelea, tulivu, sauti ya mtu anayesoma. "L, P, E, D."

Hakuna aliyemkatiza. Sauti ilishuka mstari hadi mstari. Ilipofika kwenye herufi ndogo ilipunguza mwendo, kama mtu anayekaza macho, ikasita palepale ilipokuwa ikisita miaka ile chini ya taa ya nyumbani, kisha ikafika chini kabisa. Mama Tochi alikuwa amekaa gizani na mjomba wake, na mjomba hakujua kwamba ni giza.

"Vizuri sana, baba," akasema yule dada kwa mazoea, maana jibu alilijua tangu mzee hajaketi. "Sita kwa sita."

Hiyo ndiyo alama ya jicho lisilo na kasoro. Jenereta ikanguruma nje, taa zikarudi, na wanafunzi wakatabasamu kwa mkaguzi.

Mama Tochi alimwinamia mjomba wake, akavua kurunzi shingoni na kuchungulia. Ndani ya jicho zima, mshipa unapoingia, pana duara la rangi ya chungwa, na katikati yake kibonyeo kidogo, kama umegusa unga uliokandwa kwa ncha ya kidole. Presha ya macho hukipanua kibonyeo hicho taratibu, bila maumivu, mpaka duara lote linaliwa na kubaki ukingo mtupu. Jicho la kulia la Mjomba lilikuwa limebaki ukingo. La kushoto lilikuwa njiani.

Ndipo alipokumbuka michoro ya korido. Ilikuwa na ukingo mwembamba na shimo katikati, mmoja baada ya mwingine, yote sawasawa.

"Hebu chungulia," akamwambia yule dada, akimpa kurunzi. "Unaona nini?"

Dada akachungulia kwa makini. "Zima kabisa, mwalimu. Kibonyeo kikubwa, safi, kimefika ukingoni. Hivi ndivyo tulivyofundishwa."

"Na nani?"

Mkufunzi akajitokeza, kijana mwenye tai, ana mwaka mmoja tu kazini. Alisema naye alisoma katika kile chuo cha juu ya duka la vifaa vya ujenzi. "Tulijifunzia kwa huyuhuyu baba," akasema kwa fahari kidogo. "Ndiye jicho letu la mfano."

Mama Tochi alishika mkono wa mjomba wake. "Shikamoo, mjomba."

Mzee akashtuka, akageuzia uso upande usio na mtu. "Marahaba, mama. Kumbe upo? Umeniona ninavyosoma?"

"Nimekuona. Mjomba, huoni tangu lini?"

Mzee alitafuta vifungo vya shati lake kwa vidole, akavigusa kimoja kimoja mpaka chini.

"Tangu siku nilipofunga cherehani," akasema. "Uzi ulikuwa unanipotea. Lakini kila siku wananipima, mama. Kila siku wananiambia macho yangu mazima. Wasomi wote hao wakosee, halafu mimi fundi ndiye niwe sahihi? Nikajua hili giza liko akilini mwangu. Nikaona aibu kulisema."

Mkurugenzi alimfuata Mama Tochi mpaka nje akieleza, akibonyeza hewa. Alisema mzee watambadilisha, hilo ni jambo dogo, asiwavunje moyo wanafunzi wanaokaribia kuhitimu. Akakumbusha pia kwamba chuo hiki kikizuiwa, mtaa wa pili kuna kingine kinapakwa rangi. Mama Tochi alimwambia kwamba michoro ile aitoe ukutani leo hii, na kwamba chuo hakipati kibali hata akibonyeza mpaka kesho. Kisha akampandisha mjomba kwenye gari, akamfunga mkanda kama mtoto.

Usiku huo alilia, si kwa hasira ya vyuo. Alililia vikombe vilivyovunjika na mkono wa mkwe ulioachwa hewani, na kicheko chake mwenyewe mlangoni.

Asubuhi bingwa wa hospitali alisema aliyotarajia. Jicho la kulia limekwenda. La kushoto limebakiwa na kidirisha kama tundu la ufunguo, na kwa dawa ya matone, kila siku ya maisha yake, kidirisha hicho kinaweza kulindwa. Mama Tochi alishukuru kwa dhati. Akaketi na mjomba kwenye benchi la korido kungojea dawa.

Nyuma yao palikuwa na pazia la kijani, na nyuma ya pazia mpimaji alikuwa akiwahudumia watu wa foleni. Sauti yake ilisikika vizuri, changa, yenye adabu. Kurunzi ilisikika ikiwashwa na kuzimwa.

"Zima kabisa, baba. Nenda nyumbani."

Viatu vikaburutwa kuelekea mlangoni. Mwingine akaketi.

Mjomba akainua kichwa. "Sauti hiyo naijua," akasema, na uso ukamchangamka. "Kijana wa chuo cha kwanza. Alikuwa na mkono mwepesi, hajaniumiza hata siku moja. Kumbe kapata kazi."

"Macho yako mazuri tu, mama," sauti ikasema nyuma ya pazia. "Huo ukungu ni uchovu. Yako kama inavyotakiwa."

"Ahsante, mwanangu," sauti ya mwanamke ikajibu. "Nilikuwa nimeogopa sana. Mungu akubariki."

Ndara zikaondoka, nyepesi, karibu za kukimbia. Tabasamu la Mjomba lilibaki kidogo usoni, halafu likatoka.

"Mama," akasema taratibu. "Huyo kapimwa kwa jicho langu."

Mama Tochi alishanyanyuka. Alipita korido akigonga watu mabega, akatoka mlango mkubwa, akafika getini anahema. Nje palikuwa na jua kali na watu wengi. Walikuwa wakienda kila upande kwa mwendo wa watu walioambiwa hawana tatizo. Hakuuona uso wa yule mwanamke, wala hakujua nguo yake. Alichokuwa nacho ni neno moja tu, nalo akaliita kwa nguvu zake zote.

"Mama!"

Wakageuka wote.