Mistari ya Mguu wa Kulia

Mke wa fundi cherehani alikuwa mtu wa kukagua. Mayai aliyanyanyua moja moja akayatazama kwenye mwanga, risiti alizisoma mpaka maandishi madogo ya chini, na mgeni akisema ameshiba, alimtazama tumbo kwanza. Wanawe na mashemeji zake walimwita Mkaguzi, mbele yake na nyuma yake, naye hakukasirika. Alichukulia kuwa ni cheo.

Sasa mtu wa namna hiyo umpeleke hospitali ya kufundishia, unategemea nini?

Mumewe alikuwa amelazwa wiki nzima katika wodi ya upasuaji wa mishipa ya damu. Kisukari kilikuwa kimemtafuna kimyakimya miaka kumi, kisha mshipa mkubwa wa mguu wa kushoto ukaziba karibu na goti, damu ikawa haifiki chini. Unyayo ulikuwa wa baridi kama sakafu, na kidole gumba kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Suala lilikuwa moja tu, na kila mtu wodini alilijua: ama damu ifikishwe unyayoni upesi, ama mguu ukatwe.

Kila asubuhi madaktari walipita kwa kundi. Mbele Profesa, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, nyuma yake madaktari bingwa, kisha msururu wa wanafunzi wenye makoti meupe ambayo bado yalikuwa na mikunjo ya dukani. Mmoja mmoja waliweka vidole juu ya unyayo wa Fundi kutafuta mapigo ya damu. "Nayasikia," alisema wa kwanza. Wa pili naye akayasikia. Wa tatu akasema yako wazi kabisa. Profesa akawaambia kwamba mapigo hayo hayapo tangu mgonjwa alipoingia wodini, kwa hiyo wanachosikia ni vidole vyao wenyewe. Wanafunzi wakatazama viatu. Mkaguzi, aliyekuwa amejibanza nyuma ya pazia, hakucheka hata kidogo. Aliliweka moyoni: kumbe hapa watu husema wameona wasichokiona.

Aliyemfungua macho zaidi ni mgonjwa wa kitanda cha pili, mwalimu mstaafu aliyekaa wodini wiki tatu na kujua habari za kila mtu, mpaka nani kagombana na nani jikoni.

"Shemeji, hawa wote ni madaktari wa mishipa, lakini kila mmoja ana sehemu yake," Mwalimu alimwambia. "Profesa ni wa ateri za miguu, mishipa inayoteremsha damu. Yule mrefu mwenye kipara ni wa shingo, anazibua mishipa inayopeleka damu kichwani, watu wasipate kiharusi. Yupo mwingine anayewashughulikia watu wa figo, anawatengenezea mkononi njia ya kuungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Na yule mwembamba anayeongea kama anaomba msamaha, huyo ni wa vena, mishipa inayorudisha damu juu. Huyo ndiye wangu mimi." Akapandisha shuka kuonyesha mguu wake wa kulia, ambao vena zake zilikuwa zimevimba na kujipindapinda ngozini. "Kesho ananitoa hizi."

"Kwa hiyo huyo wa vena hamhusu mume wangu?"

"Atamhusu kwa lipi? Mumeo ni wa ateri."

Mkaguzi akalihifadhi na hilo.

Siku hiyohiyo alikwenda kwenye dirisha la dawa, akapanga foleni zaidi ya saa nzima. Aliporudi alimkuta yule daktari mwembamba akitoka kitandani kwa Fundi, anasukuma mashine ya ultrasaundi, anamwamkia kwa sauti ya chini. Alimpita haraka mno, kwa maoni ya Mkaguzi.

"Huyu alikuwa anataka nini kwako?"

"Vipimo tu," alijibu Fundi.

"Wamesemaje?"

"Hawajasema kitu cha maana." Akageukia ukutani, akafumba macho.

Mkaguzi akafunua shuka. Mguu wa kulia, ule mzima, usio na kidonda wala baka, ulikuwa umechorwa mstari mrefu wa wino wa zambarau kutoka kinenani mpaka kwenye kifundo. Kando ya mstari kulikuwa na misalaba midogo na tarakimu. Mguu wa kushoto, wenye kidole cheusi, haukuwa na hata nukta moja.

"Mwalimu," aliita, "wewe wamekuchora?"

"Bado, shemeji. Nawangoja tangu asubuhi."

Basi hapakuwa na la kuuliza tena. Mguu wa kulia, daktari wa vena, upasuaji kesho. Wamebadilisha wagonjwa! Watampasua mumewe mguu mzima, na ule mbovu waukate baadaye, wamrudishe nyumbani kwenye kiti cha magurudumu na pole nyingi. Alikwenda moja kwa moja mezani kwa nesi, akaeleza. Nesi hakuinua uso kutoka kwenye makaratasi yake.

"Mama, hiyo michoro ni ya madaktari. Usiiguse."

Nesi yule hakumjua aliyekuwa anasema naye. Kumwambia Mkaguzi asiguse kitu ni sawa na kumkabidhi. Alisubiri mpaka nesi alipoitwa upande wa pili, akachukua pamba na chupa ya spiriti kwenye toroli la kufungia vidonda, akavuta pazia, akaanza kusugua. Wino ulikuwa sugu. Alisugua robo saa, akitoa pamba moja baada ya nyingine, mpaka ngozi ikawa nyekundu na mstari ukatoweka. Fundi hakujitikisa. Hilo lilimshangaza kidogo, maana nyumbani mtu huyu huamshwa na paka akipita uani, lakini siku hiyo hakuwa na nafasi ya kumshuku mgonjwa. Alifunga chupa, akairudisha mahali pake, akaenda zake akiwa na roho nyeupe. Asubuhi, kabla kisu hakijagusa mtu, angemweleza Profesa mwenyewe.

Alifika saa kumi na mbili na nusu, akakuta kitanda cha kusukuma kimeshaletwa. Profesa naye akaingia na kundi lake. Kabla Mkaguzi hajafungua mdomo, Profesa alikuwa amekwishafunua shuka.

"Ramani iko wapi?"

"Nilichora, Profesa," alisema yule mwembamba, akisogea mbele. "Jana mchana. Kutoka kinenani mpaka chini."

"Ulichora mguu wa nani?"

"Huu huu."

"Basi wino umetembea."

Mwanafunzi mmoja alicheka, akajikohoza. Daktari wa vena akashikwa na kigugumizi. Profesa akamwambia, mbele ya wote, kwamba mtu anayeandika kwenye faili kazi ambayo hakuifanya hana nafasi katika chumba chake cha upasuaji, na leo asijisumbue kunawa mikono. Mkaguzi moyo ulimtulia tuli. Kumbe alikuwa sahihi, mbabaishaji amekamatwa!

Kisha Profesa akamgeukia nesi. "Mtoeni mgonjwa kwenye orodha ya leo. Bila ramani itabidi nimpasue mguu mzima toka juu mpaka chini nikitafuta mshipa, na mwenye kisukari kidonda kama hicho hakifungi. Mashine iko kwa watu wa figo mpaka mchana. Nafasi nyingine ni Jumanne ijayo."

"Na kidole, Profesa?" aliuliza nesi.

"Kidole hakina wiki. Jumanne tutakuwa tunazungumza habari ya kukata."

Mkaguzi akajipenyeza katikati ya makoti meupe. "Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini, mama?"

"Nimefuta mimi. Kwa spiriti. Huyu si daktari wa vena? Mume wangu ni wa ateri! Mguu mbovu ni ule kule, mnamchora huku, nikae nitazame tu?"

Wanafunzi walingoja Profesa acheke wapate ruhusa. Profesa hakucheka. Alivaa miwani, akamtazama vizuri.

"Mama, vena ya mguu huu mzima ndiyo tunayoihitaji. Tunaitoa hapa, tunaiunga kule, damu inapita pembeni ya pale palipoziba. Ya mguu mgonjwa ni nyembamba mno, haifai. Na hospitali hii hakuna anayezijua vena kama huyu niliyetoka kumtukana." Akageuka. "Daktari, niwie radhi. Kawaombe watu wa figo mashine. Waambie nimekutuma mimi."

Yule mwembamba alikuwa ameshafika mlangoni aliposimama. "Lakini mama," alisema kwa sauti yake ya kuomba msamaha, "mzee nilimweleza yote jana. Nilimchorea hata kwenye karatasi. Akatia sahihi." Akaondoka mbio.

Mkaguzi akageuka polepole. Fundi alikuwa anaangalia dari.

"Baba watoto."

Fundi akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Jana, nilipokuwa nasugua, ulikuwa umelala?"

"Hapana," alisema Fundi. "Spiriti iliniunguza. Nikauma meno."

"Na hukusema!"

"Walisema mshipa ukikataa, watakata. Ulipoanza kufuta, nilishukuru. Nikasema labda watanisahau, nitarudi nyumbani na miguu yangu yote miwili, hata kama mmoja umekufa."

Iliuma. Iliuma kuliko kama angeibiwa. Alikuwa amemshuku nesi, mwanafunzi, mwenye mashine na mashine yenyewe, na uongo wote huo ulikuwa umelala kitandani, ndani ya mtu aliyelala naye miaka thelathini. Alitamani kumzaba kofi. Alitamani pia kulia, na hakujua kipi kianze.

Mashine ikaletwa, daktari wa vena akihema nyuma yake. Alipoinama kufunua shuka, Fundi aliishika kwa mikono miwili.

"Mzee," alisema Profesa, "sahihi yako tunayo, lakini ukisema hapana ni hapana. Nina dakika ishirini, baada ya hapo chumba anapewa mwingine."

Fundi alimtazama mkewe. "Wewe unawaamini hawa?"

Mwalimu akainuka kwa kiwiko. Mkaguzi aliwapitia wote kwa macho, kuanzia Profesa na miwani yake mpaka yule mwanafunzi aliyecheka. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo.

"Siwaamini," alisema. "Sijawahi kuamini mtu, nianze leo? Nilikuwa nakuamini wewe peke yako, na wewe nimekoma. Lakini nakutaka. Urudi na miwili, urudi na mmoja, mimi nakutaka wewe. Weusi wa kidole hicho ukipanda juu ukakuua, nitamkagua nani?"

Vidole vya Fundi vikalegea kimoja kimoja, akaachia shuka.

"Haya, daktari," alisema. "Chora."