Mama wa Sabuni

Kwa miaka minane sikuona kwamba kila nguo niliyovaa ilikuwa na ua dogo la uzi mwekundu kwa ndani, upande wa moyo. Macho yangu yalikuwa kwa mwanamke mwingine.

Alitokea kwenye televisheni kila jioni kabla ya katuni, amevaa gauni jeupe. Mwanawe huanguka topeni. Yeye hucheka, humkumbatia, hulifua shati, kisha hulinusa akiwa amefumba macho. "Mama mwenye upendo," sauti nzito ilisema, "huchagua povu letu." Mama yangu, fundi cherehani, alifulia sabuni ya mche, na tope halikuwahi kumchekesha. Nikahitimisha, kwa mantiki kali ya watoto, kwamba hanipendi. Hata hivyo, nilimpa nafasi ya kujitetea.

Alasiri moja, nikitoka shule, nilichagua dimbwi zuri nikajilaza humo kifudifudi, kwa utulivu kabisa. Nikaingia chumba cha kazi nikichuruzika, mikono nimeitandaza, nikisubiri kicheko.

Cherehani ikanyamaza.

"Ala! Wewe mtoto, leo umeolewa na dimbwi?"

"Usimguse, wifi," shangazi akadakia, pasi mkononi. "Bwana harusi bado yuko mabegani!"

Nikaangua kilio. "Mama wa sabuni hucheka! Humkumbatia mwanawe! Yeye anampenda!"

Mama aliinuka kwenye cherehani. Kisha akajitanda shuka jeupe la mteja, akanivua shati, akafumba macho, akalinusa kwa madaha yote ya televisheni. Akapiga chafya tatu, tope likimning'inia puani. Shangazi alikaa sakafuni kwa kicheko. Nami, kamasi zikinitoka, nikacheka hadi nikashika mbavu. Na hapo ndipo aliponikumbatia, tope langu na shuka la watu pamoja. Shuka hilo lilifuliwa mara mbili, kwa sabuni ya mche.

Shati lilipokauka, alilipindua ndani nje, akakiweka kidole changu juu ya lile ua.

"Mbona umelificha?" niliuliza.

"Sijalificha, mwanangu. Nimeliweka linapogusa ngozi."

Tangu siku hiyo, tangazo lile lilipoanza, tulizima sauti. Mama alitamka maneno yake mwenyewe, na mimi nilipiga chafya.