Nyimbo Mpya kwa Mafundi wa Chini ya Sakafu

Hakuna harusi iliyofanyika katika ukumbi ule ambayo sikuiona kwa macho yangu mawili, tena kutoka mahali pazuri. Kwa hiyo haya ninayosimulia hayana chumvi, na anayebisha aniulize mimi mwenyewe. Asiende kuulizauliza kwa watu wengine.

Alhamisi mchana Kipaza alikuwa amepiga magoti nyuma ya spika ya kushoto, anamenya waya kwa meno kwa sababu kisu alikuwa amekikalia bila kujua. Kipaza ndiye mpiga muziki wa ukumbi. Ni mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, na jina hilo alijipa mwenyewe kabla watu hawajampa baya zaidi. Alipowasha wimbo wa kujaribia, sakafu nayo ikaanza, tiki-taka, tiki-taka, kama kawaida yake, ila si kwa mwendo wa wimbo.

Waliokuwa wanaigonga kutoka chini walikuwa mafundi cherehani. Kabla ya kuwa ukumbi, jengo lile lilikuwa kiwanda cha mashati. Liliungua siku moja wakiwa kazini, na mlango ulikuwa umefungwa kwa nje ili mtu asitoke na shati ndani ya gauni. Jengo lilipopakwa rangi na kutundikwa mapazia, wao waliendelea kukanyaga cherehani zao chini ya vigae. Hakuna aliyewalaumu, maana hakuna aliyewaambia zamu imeisha. Tabu ilikuwa mwendo wao tu. Walikanyaga kwa nyimbo za enzi zao, na mgeni akicheza nyimbo za leo alijikuta mguu mmoja uko harusini na mwingine uko kiwandani. Wiki iliyotangulia mjomba mmoja alikaa juu ya keki.

"Wafundishe muziki wa sasa," alisema Bosi, mwenye ukumbi, ambaye kiwanda kile kilikuwa cha baba yake. Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake. "Wachagulie nyimbo nzuri nzuri zinazopendwa, wazizoee. Nikimwona mkwe wangu anapepesuka, utatafuta pengine pa kupeleka hicho kitambi."

Mafundi wakapanda juu ili wasikie vizuri. Walikaa kwenye viti vya wageni, vile vilivyovishwa vitambaa vyeupe, lakini kwanza walikagua pindo.

"Hii kashona nani?" aliuliza mmoja. "Mwambieni afumue."

Mbele kabisa alikaa dada yake Kipaza, aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto, na ambaye sasa angeweza kuwa binti yake. Alikitazama kitambi akatabasamu.

"Unakula vizuri, mdogo wangu."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Haya, tupigie hao watoto wenu."

Kipaza alianza na wimbo uliokuwa unapigwa kila kona mwezi ule, mpaka kwenye simu za watu wanaomsubiri daktari. Alikosea. Mafundi walikunja nyuso.

"Huyu anaimba au kaibiwa kitu?"

"Sauti yake mbona kama imepitishwa kwenye bomba la maji?"

"Halafu anataja jina lake kila baada ya mstari," alisema dada mtu. "Anaogopa watamsahau?"

Ukutani kulikuwa na nafasi ya kutosha kuandika majina ya mafundi wote, lakini Bosi alikuwa ameweka kioo kikubwa cha watu kujipigia picha.

Akajaribu wa mapenzi, wa polepole, uliowahi kuliza mpaka askari wa barabarani. Wakasema kijana amemwambia msichana njoo mara nyingi mno, na ambaye hajaja mpaka hapo ana sababu zake. Akajaribu wa kurukaruka. Wakauliza kama wanaoruka wamekwisha kufanya kazi zao. Chini ya viti miguu yao ilikuwa ikikanyaga vilevile, tiki-taka, kama watu wanaokuitikia huku mawazo yao yako mbali.

Jua lilipoanza kuingia kwa madirisha ya upande, Kipaza alizima mashine.

"Dada, niambie ukweli. Mnataka nini? Mimi keshokutwa nafukuzwa."

"Nyimbo zenu hazina ubaya," dada alisema. "Basi tu, tuko katikati ya mwingine."

Redio ya kiwandani ilikaa juu ya kabati la nyuzi, na siku ile ilikuwa inaimba. Katika ubeti wa pili mke anamwuliza mume wake atarudi lini. Hapo ndipo umeme ulipokatika, na yaliyofuata tumekwisha kuyasema. Tangu siku ile walikuwa wanakanyaga palepale, kwenye swali.

Wimbo huo Kipaza alikuwa nao. Alikuwa ameuhamisha kutoka kila mashine aliyowahi kuwa nayo kwenda nyingine, na hakuwahi kuupiga mahali popote, hata kwake. Aliutafuta bila kuinua kichwa, akauwasha tangu mwanzo. Mke akauliza. Miguu ikasimama. Kisha ikaja tarumbeta, ndefu, kikaja kiitikio, na wimbo ukaisha.

"Kumbe hakumjibu," alisema mmoja.

"Wanaume," alisema mwingine, na hilo likawa limekwisha.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Kipaza aliwachagulia wimbo uliopendwa mwezi uliofuata moto, kisha uliouiga huo, kisha uliokuja kuutania huo wa pili, hivyo hivyo, kama unavyomweleza mtu aliyerudi safarini nani kaoa nani na nani hasalimiani na nani. Aliruka zile alizoona zingewachosha. Walicheka penye kuchekesha. Ijumaa alasiri walimfikia tena yule kijana wa bomba la maji, na safari hii miguu ilimpokea bila kukosea hata pigo.

"Tumejifunza," alisema dada mtu. "Sasa na sisi tuna neno moja. Kesho mlango mkubwa usifungwe. Muziki ukiisha, tutoke."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, mdogo wangu. Tumechoka."

Kipaza aliapa. Akaenda kwa Bosi, na Bosi akasema mlango ni kitu gani, waambie wasiwe na wasiwasi. Kipaza alipogeuka, Bosi akampigia simu mtu wa mlango kumkumbusha asisahau ufunguo, kwa sababu wazamiaji wa mji huu, wale wala harusi bila kadi, wananusa pilau la watu kutoka mtaa wa tatu.

Jumamosi ilipendeza. Mimi nilivaa viatu vyangu vya kahawia, kamba moja nyeusi na nyingine nyeupe, mtindo ambao hakuna mwingine mjini anauweza. Kutoka pale nilipokuwa niliona kila kitu, hasa viatu. Vya bwana harusi vilimeta na havikupepesuka. Vya shangazi mmoja vilivuliwa mapema, vikapigwa teke na mtoto. Sakafu ilitikisika kwa pamoja na kila wimbo, mpaka vumbi la kizingiti likacheza.

Wimbo wa mwisho ulipoisha, kabla wageni hawajainuka, vilikuja viatu vya turubai, vya kiwandani, soli zimeungua. Vilikuja kwa mstari, kama watu wanaotoka zamu, vikasimama mlangoni. Kitasa kikazunguka. Kikatulia, kikazunguka tena, taratibu, kwa adabu ya mtu anayedhani amekosea yeye. Nilimsikia Kipaza anaita, "Fungua! Aliye nje, fungua!" Halafu kitasa kikaachwa. Viatu vikageuka kimoja kimoja, vikarudi vilikotoka, na sakafu ikaanza upya.

Mlango ulipofunguliwa wageni watoke, zamu ilikuwa imekwisha kuanza.

"Umeona?" alisema Bosi akipita. "Hakuingia mzamiaji hata mmoja."

Sasa ukumbi ule haukosi harusi. Watu wanausifia kwa spika za chini. Kipaza bado yupo, anapiga za sasa tu, na Jumamosi mlango hufungwa.

Juzi nilikuwa nawasimulia watu haya haya kwenye ngazi za ukumbi, nimeegemea mlango. Nilipofika pale pa kitasa wakasikitika sana, mmoja akafuta jicho, nami nikaona niongeze kidogo. Nikasema laiti ningekuwa karibu siku ile, ningeuvunja ule mlango kwa bega langu mwenyewe.

"Kaka," ikasema sauti ya msichana kutoka kwenye uwazi wa chini ya mlango, bila ukali wowote. "Na sisi tuliona viatu."

Yule aliyekuwa anafuta jicho akashusha mkono.

"Vya kahawia," alisema dada yake Kipaza. "Kamba moja nyeusi, moja nyeupe. Havikusogea."

Watu wakatazama chini. Nilitaka sana kuondoka, lakini nikisogea ufunguo hulia mfukoni.