Maswali Kumi kwa Zuena

Nesi Avelina aliuliza maswali yote kumi ya fomu ya waliojifungua, na Zuena akayajibu vizuri yote. Analala? Analala. Anacheka? Anacheka. Anampenda mtoto? Anampenda, alhamdulillahi. Nesi akaandika kuwa mzazi hana tatizo.

Mfaume, baba yake Zuena, alikuwa ukumbini anasikia kila neno kupitia pazia. Tangu kiwanda cha Chang'ombe kimpunguze kazini, alikuwa anakuja kila asubuhi kumjulia hali mwanawe. Uji wa pilipili manga aliuona unatoka chumbani kama ulivyoingia. Na juzi Zuena alimwambia, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi, kwamba mtoto huyu angepata mama mwingine ingekuwa heri yake.

Maneno hayo Mfaume alikwishayasikia kwa marehemu mkewe, mwaka ule aliozaliwa Zuena. Wazee walisema shetani, zahanati wakasema malaria, na mwezi haukuisha wakamtoa kisimani.

Sasa kweli ingesemwaje, na Bi Tabu, mavyaa yake Zuena, mama wa mumewe, yuko pale pale kitandani anamkanda mgongo? Mke gani atatamka mbele ya mavyaa kuwa mtoto hamtaki? Wakubwa waliotunga karatasi ile ofisini kwao penye feni hawakuliwaza hilo.

Nesi alipotoka, Mfaume alimzuia mlangoni.

"Mwanangu, rudi umuulize tena. Awe peke yake."

"Baba, fomu nimeshaijaza."

"Fomu haikuzaa. Aliyezaa yumo ndani."

Kisha akamwita Bi Tabu uani, akamwomba chai, akamtania kuwa nyumba hii mgeni anasahauliwa. Bi Tabu akamjibu kuwa angeoa tena asingesumbua majiko ya watu. Ilimchoma, akaimeza pamoja na chai, polepole, ili nesi apate nafasi.

Nesi alikuja macho mekundu. Safari hii Zuena alikuwa amelia, na swali la mwisho, la kutaka kujiondoa duniani, alilijibu ndiyo.

"Haya. Dawa iko wapi?"

Hakuwa nayo. Aliandika barua tu: daktari wa maradhi hayo yuko mjini, anaona wagonjwa Jumatano.

"Wamewafundisha kuuliza basi."

"Ndiyo, baba," alisema Avelina. "Kuuliza tu."

Bi Tabu aliisikia Jumatano akakataa. Arobaini bado siku kumi na moja. Mzazi hatoki nje, watu watasema nini?

Mfaume hakuwahi kumwambia mtu. Hata Zuena aliambiwa mama yake aliteleza.

"Mkwe," alisema, "mama yake hakuteleza kisimani."

Bi Tabu aliweka birika chini. Akaingia chumbani, akampakata mtoto, akakaa karibu na Zuena.

"Jumatano nakupeleka mie," alimwambia. "Atakayeuliza arobaini, aje aniulize mie. Na mpaka siku hiyo, mwanangu, hulali peke yako wala huogi peke yako."

Zuena aliegemea bega la mavyaa yake, na Mfaume, nyuma ya pazia, akaanza kuhesabu siku: leo Jumamosi.