Mikunjo ya Kaka

Katika chumba cha kukunjia matanga, watu walitembea kwa soksi, na aliyetaka kupiga chafya alitoka nje kwanza. Tanga lililolala ndani ya kasha lilikuwa jembamba kuliko unywele, plastiki iliyopakwa alumini. Likifunguliwa huko angani lingekuwa pana kama uwanja wa mpira wa wavu, na mwanga wa jua ndio ungelisukuma pamoja na chombo chake.

Aliyelikunja alikuwa marehemu. Dada yake mdogo, mkunjaji mwenzake, alisimama mbele ya kasha, mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

Kanuni yao ilijulikana: tanga lisikae limekunjwa muda mrefu, la sivyo plastiki hugandana. Hufunguliwa, likakunjwa upya. Lakini tangu mazishi hakuna aliyeligusa. Walilipita kwa adabu, kama kaburi. Sasa roketi ilikuwa karibu kuondoka.

"Tuliache lilivyo," alisema Mkuu wa karakana. "Ni kazi yake ya mwisho. Nani hapa anakunja kama yeye?"

"Hakuna," alijibu dada. "Lakini kaka mwenyewe angetutukana kwa kuliacha hivi."

Mzee wa Gundi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa ndiye aliyeunga vipande vya tanga, akaguna. "Mwanangu, likiharibika hatuna jingine. Nafasi yetu kwenye roketi watapewa wengine."

"Na likichanika huko juu, mzee wangu, utapanda na gundi yako?"

"Kwa magoti haya? Ngazi za hapa tu zinanishinda."

Mkuu alicheka kidogo, kisha akamsogezea dada kasha.

Mikunjo ilikuwa ya kaka kabisa: kingo zimenyooka, kila pembe imebonyezwa kwa kidole gumba. Dada alijua akishaikunjua haitarudi tena. Machozi yakamlenga, akageuza uso yasidondokee alumini, kisha akaendelea.

Karibu na katikati matabaka mawili yalikuwa yameshikana. Alivuta taratibu, lakini wapi! Tanga likachanika urefu wa kiganja.

"Usipoziba ufa..." alianza Mzee wa Gundi.

"Ziba, mzee. Methali baadaye."

Akaziba kwa kiraka na gundi yake. Dada akakunja upya. Mikunjo yake ilikuwa myembamba zaidi, ya mtu mwenye vidole vifupi, nayo ikaingia kashani bila kulazimishwa.

Roketi iliondoka. Siku picha ya kwanza ilipofika kutoka angani, wote walisongamana mbele ya kioo cha kompyuta: pembe nne zimefunguka, kiraka kimeshika.

"Linakwenda?" aliuliza dada.

"Kidogo sana," alisema Mkuu. "Lakini jua halipumziki, na kila siku litaongeza mwendo."

Dada alitazama picha ile mpaka wenzake wakaanza kutawanyika. Kisha akavua viatu, akaingia chumba cha kukunjia.

"Mzee wangu," aliita, "plastiki ya kutengenezea tanga la pili iko wapi?"