Rangi ya Tisa Kutoka Kibirichia

Karwirwa alikuwa ameinamia meza ya karakana, akiutafutia uzi wa kioo nafasi ndani ya kisanduku kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Kampuni iliyomwajiri mjini Embu ilikuwa imefukia faiba moja tu, uzi wa kioo kama huo, kutoka Embu hadi Kibirichia, kule Meru, na sasa wateja walikuwa wengi. Kazi yake ilikuwa kubuni kisanduku cha kupitisha rangi nane za mwanga katika faiba hiyo moja, kila rangi ikibeba mawasiliano ya mteja wake, kisha kuzitenganisha upande wa pili. Jicho halizioni rangi hizo. Mashine ndiyo huziona, na kuzichora kwenye skrini kama vilima.

Shida ilikuwa kona. Faiba ikikunjwa sana, mwanga huvuja, na kisanduku kidogo hakina budi kuikunja. Alizungusha huku, akasogeza lenzi kule, hadi asubuhi moja kifuniko kikafunga bila mwanga kuvuja. Akakiunganisha na faiba ya Kibirichia.

Vilima vilikuwa tisa.

Karwirwa alifuta lenzi kwa kitambaa, akatazama tena. Cha tisa kilikuwa kifupi, kimejibanza kando ya rangi ya chama cha wakulima wa chai. Alitaka kujua kimetoka wapi. Alituma mwali ndani ya faiba, akapima muda wa kurudi kwake. Jibu lilikuwa Kibirichia, mahali mtaro unapokata kona kando ya mashamba ya viazi, ambapo hapakuwa na mtambo wowote. Basi akaunganisha simu ya mezani na rangi hiyo.

"Haloo?"

"Haloo, madam," sauti ya mwanamume ikajibu. "Ni Kirimi. Nilikuwa kwa ile timu ya kuchimba mtaro."

"Uko wapi sasa?"

"Bado niko mtaroni. Mvua ilinyesha, ukuta ukaniangukia. Wenzangu walitaka kunitoa, msimamizi akasema wafukie, kazi imechelewa. Sasa hapa kwa kona faiba imekunjwa vibaya, mwanga unavuja. Nikaona niongee ndani yake."

Karwirwa aliitikia kwa kichwa. Kona hiyo ilikuwa imemsumbua kwenye vipimo tangu mwanzo.

"Huo mwanga unaoongea ndani yake ni wa rangi gani?" akauliza.

"Unafanana na maua ya waru, hivi viazi vyetu. Zambarau, lakini hafifu."

Kwa miaka yote aliyoisomea kazi hiyo, Karwirwa hakuwahi kumpata mtu wa kumwambia mwanga huo unafanana na nini. Akavuta kiti, akamuuliza kuhusu zile nane nyingine. Kirimi alimweleza moja baada ya nyingine, bila haraka. Rangi ya chama cha chai ilikuwa kama ulimi wa ndama. Nyingine ilifanana na moshi wa jikoni wakati jua linapoingia dirishani, na moja hakuweza kuifananisha na kitu chochote alichowahi kukiona akiwa juu.

Walipomaliza, akasema, "Madam, na mimi nina ombi. Mwambie mke wangu, Kinya, sikuenda Isiolo."

Kampuni ilikuwa imemwambia Kinya kwamba mumewe ameacha kazi na kutorokea Isiolo na mwanamke mwingine. Watu wa Kibirichia walikuwa wameshaamini hivyo.

Karwirwa alimwita meneja wake, Ngari, akampa simu.

"Habari, bosi," Kirimi akasema.

"Salama kabisa. Habari ya huko?"

"Ni baridi."

Ngari alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akakata simu. "Huyo tukimchimbua, tutakata faiba," alimwambia Karwirwa. "Meru yote itazima. Halafu tulishasema alienda Isiolo. Rangi yake inaingilia ya watu wa chai. Itoe."

"Nikiitoa hapa lazima itokee pengine, bosi. Kichujio hakiui mwanga, kinaupeleka kando."

"Upeleke kando, basi."

Karwirwa alifanya kama alivyoagizwa. Alibuni kisanduku kingine, kidogo kuliko cha kwanza, akaweka ndani kipande cha kioo kilichoziacha zile rangi nane zipite na kuirudisha pembeni ile ya tisa. Pembeni hapo alitoboa mlango wa rangi hiyo kutokea. Juma lililofuata alikwenda Kibirichia, akakifunga kwenye nguzo iliyo karibu na boma la Kinya na kuvuta waya hadi jikoni, kwenye simu ya mezani.

Kinya alikuwa akichagua viazi vya mbegu. Alifuta mikono kwa leso, akapokea simu.

"Kirimi?"

"Ni mimi."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu. Niko hapa chini, kwa kona ya barabara. Sikwenda Isiolo, Kinya."

Kinya alikaa juu ya gunia, simu sikioni, machozi yakamtoka bila sauti. Baadaye akamuuliza kama alikuwa na njaa. Kirimi akasema hapana, ila koti lake alikuwa ameliacha juu, kwenye mti.

"Nililiona," Kinya akasema. "Nikasema, mtu anaendaje Isiolo bila koti."

Siku iliyofuata Kinya alikwenda kwa mchungaji kuomba mumewe azikwe. Mchungaji aliongea na Kirimi kwa simu, wakaomba pamoja. Kisha akasema kanisa haliwezi kumzika mtu ambaye, kwa maneno ya kampuni, yuko Isiolo. Karwirwa alimpelekea Ngari ombi la kuhamisha faiba ili Kirimi achimbuliwe. Ngari alisema atalifikiria. Chama cha chai kilipiga simu kusifu mawasiliano, kwamba sasa yalikuwa safi kabisa.

Mwezi wa nane barabara ya Kibirichia iliwekwa lami. Kinya alisimama mlangoni akitazama mtambo wa kushindilia ukienda na kurudi pale kwenye kona, simu ikiwa sikioni.

"Ni nzito?" akamuuliza.

"Nzito si sana," Kirimi akasema. "Inachoma. Lakini itapoa."