Mwandiko wa Watu Watatu

Wanafunzi walimwita Mwalimu Umejuaje, na jina hilo alilijua. Mtoto akitaja jibu, hata liwe peupe kama mchana, yeye alikuwa na neno moja tu: "Umejuaje?"

Alifundisha hesabu kwa vikundi. Meza kumi na moja, watoto wanne kila meza, swali moja la kuumiza kichwa. Kikundi hakikuinua mkono mpaka wote wanne wawe wamekwama mahali pamoja. Kila kikundi kilikuwa na mpinzani, ambaye kazi yake ilikuwa kutoamini. Mwalimu alimwita yeyote aeleze kwa niaba ya wenzake, ili asiwepo wa kupanda mgongo wa mwingine. Matokeo yalipanda miaka mitatu mfululizo, naye aliyaamini matokeo. Asiyeona ubao vizuri alihamishiwa dawati la mbele, peke yake. Hiyo hakuihesabu kuwa sheria, ilikuwa mpangilio tu.

Kikundi bora kilikuwa meza ya saba. Mpinzani wake alikuwa Futi, binti wa fundi cherehani, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya futi ya kupimia nguo aliyoivaa shingoni tangu darasa la kwanza.

Wiki moja Futi hakuonekana. Jumatatu iliyofuata, vipindi vilipokwisha, fundi cherehani aliingia darasani, binti yake amemshika kiwiko.

"Habari za kazi, mwalimu. Nimefuata madaftari ya mwanangu. Anahamia shule ya wasioona."

"Nani?"

"Huyu huyu." Fundi alisema kama mtu anayesoma vipimo vya mteja. "Presha ya macho. Daktari anasema haiumi, inakula pembeni, kidogo kidogo. Tungemwahisha mwaka jana, dawa ya matone ingelinda kilichokuwepo. Kilichokwenda hakirudi. Nyumbani alikuwa akijigonga milangoni, tukasema utundu. Lakini wewe daftari lake ulilishika kila siku. Hukuona kitu?"

Mwalimu alikwenda kabatini, akalitoa daftari, akalifungua. Mpaka ukurasa wa thelathini na moja, mwandiko ulikuwa wa Futi, mdogo, umelala upande. Ukurasa wa thelathini na mbili herufi zilikuwa nene, za mviringo. Wa thelathini na tano zilisimama kama misumari. Wa thelathini na tisa zilikuwa nyingine tena. Miandiko mitatu ya kupokezana zamu, miezi minane. Chini ya kila ukurasa palikuwa na vema jekundu na sahihi yake mwenyewe.

Wenzake watatu wa meza ya saba walikuwa nyuma ya darasa, zamu yao ya kufagia. Aliwaita, akawaonyesha.

"Tulikuwa tunamsomea," alisema mrefu wao, waliyemwita Ngazi. "Na kumwandikia. Lakini kueleza alieleza mwenyewe, mwalimu. Haki ya Mungu, hata neno moja hatukumtilia mdomoni."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Walitazamana kwanza, kama alivyowafundisha, mpaka wakawa na jibu moja.

"Ungemhamishia mbele."

"Niliwaapisha mimi," alisema Futi. "Msiwagombeze."

"Mficha maradhi..." fundi alianza, akamtazama bintiye, methali akaimezea katikati.

Mwalimu alikuwa na hesabu tu: miezi minane, kurasa sitini na nne, sahihi sitini na nne.

"Swali la leo lilikuwa lipi?" Futi aliuliza.

Mwalimu akamsomea kutoka ubaoni. Wavu wa mita ishirini na nne, ukuta mmoja. Jenga banda la mstatili lenye eneo kubwa kuliko yote, ukuta uwe upande mmoja.

Futi alivua futi yake shingoni. "Tuseme hii yote ni wavu." Akaikunja katikati, akaikunja tena, akaipapasa mikunjo kwa kidole gumba. "Robo huku, robo huku, nusu mbele. Sita, kumi na mbili, sita. Eneo sabini na mbili."

"Umejuaje?" Lilimtoka kabla hajalizuia.

"Tano kwa kumi na nne ni sabini. Saba kwa kumi, sabini vilevile. Ukisogea huku unashuka, ukisogea kule unashuka."

"Nilisema mimi!" Ngazi alinong'ona. "Huyu hata mkimfunga kitambaa..." Akakoma.

Mwalimu aliandika jibu katika ukurasa mpya, kwa mwandiko wake, wa nne sasa. Akaweka vema. Wino ulipokuwa bado unang'aa ndipo alipofahamu kwamba kila mtu chumbani ameliona isipokuwa mwenye daftari. Akalifunga daftari, akamkabidhi fundi.

Mlangoni Futi aliuliza, "Baba, ameniwekea vema?"

"Amekuwekea."

"Umejuaje?" Alikuwa anacheka.

Fundi alilifungua daftari.

"Naliona, mwanangu."